Nyumba ya kupangisha yenye bwawa, Mbezi Beach: miaka mitatu, nyota tatu

Hii nimeiahirisha tangu mwaka jana, leo mvua imenifungia dukani Kariakoo, hakuna hata mteja mmoja wa kuulizia bei ya kitenge, bas acha niandike. Kuna watu wananiulizaga sana, dada ile nyumba yenu yenye bwawa inalipa? Jibu fupi ni inalipa, ila sio kwa namna tuliyofikiria wakati tunainunua.

Kwanza mjue sio hela yangu peke yangu, msije mkaanza kuniomba michango. Tuliuza nyumba ya marehemu baba Ilala mwaka 2022, tuko watatu, kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wangu wa kike ambaye yuko Mwanza. Tukasema hela tusigawane ikaishia kwenye magari na maharusi, tununue kitu kimoja cha kupangisha. Shemeji, mume wa mdogo wangu, ni mtu wa benki, yeye akasema wekeni kwenye hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, za miaka 25 wakati ule zilikuwa zinatoa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka na riba yake haikatwi kodi, unalala unaamka hela imeingia. Kaka akamjibu hatifungani huwezi kumkaribisha mgeni akakaa barazani. Tukacheka, kikao kikaishia hapo. Leo nikikaa peke yangu na kikokotoo huwa namkumbuka shemeji sana.

Madalali nawapa nyota mbili na moja kati ya hizo ni ya huruma. Kila nyumba hela ya kuonyesha elfu ishirini, ukiingia unakuta vyumba viwili wakati uliambiwa vinne. Mmoja alitupeleka mpaka kwenye mjengo uko jirani kabisa na mawimbi, unasikia maji yanapiga ukuta, kaka macho yakamtoka, anaona kabisa ameshakaa pale anakunywa madafu. Mimi nikauliza tu, hapa mpaka maji yanapojaa ni mita ngapi? Dalali akaanza kusifia upepo. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na siku wakija na rangi nyekundu kukuandikia X ya kubomolewa ukutani dalali hutamuona. Tukaondoka, elfu ishirini ikaenda.

Hii tuliyonunua iko juu kidogo, mbali na bahari, vyumba vinne, haina ghorofa, ina kibanda cha mlinzi na nyuma ndio bwawa, mita 8 kwa 4, kina kinaanzia mita moja mpaka karibu mbili. Kwenye simu ya dalali bwawa lilikuwa la bluu mpaka unaona tailizi chini. Tulivyofika mwezi wa sita bwawa lilikuwa kijani, yaani kijani ya mlenda, na vyura wanaruka kwenye ngazi. Muuzaji akasema hiyo ni dawa tu, siku mbili linarudi. Na mimi nikaamini! Mtu mzima ninayepima vitambaa kwa rula kila siku nisije nikapunjwa nusu mita, nikaamini maji ya kijani kwa maneno.

Wakili nyota tano, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine yote. Kuna watu wanamaliza biashara ya milioni mamia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi wawili. Sisi tulimlipa wakili akaenda kufanya sachi ardhi, yaani kukagua kumbukumbu za kiwanja, akakuta mambo mawili. La kwanza kodi ya pango la ardhi ilikuwa haijalipwa miaka minne. La pili hati iko kwa jina la mume lakini ile ni nyumba ya ndoa, na mke hayupo, yuko kwao Moshi, na mume anasema mke ameshakubali kwa simu. Wakili akasema kwa simu haipo, sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenza, aje asaini au biashara imekufa. Tulikasirika tukamwona anatuchelewesha, wiki tatu zikapita. Mama akaja, mstaarabu kabisa, akakaa akasoma kila ukurasa, halafu akauliza swali moja, bei ni hii hii mume wangu aliyoniambia mimi? Haikuwa hiyo. Tofauti ilikuwa milioni 40. Sitaki kusema zaidi ila fikiria tungekuwa tumeshalipa halafu mama ndio anakuja kuweka zuio mahakamani.

Na mauziano ya huku mjue muuzaji atakwambia nataka hela yangu safi mkononi. Maana yake ile kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya TRA, watu wa mapato, ambayo ni ya kwake, anataka uibebe wewe. Sisi tulikubali ushuru wa stempu tu, asilimia 1, mengine abaki nayo. Walianzia milioni 410 tukafunga 380. Nilijiona mjanja sana siku hiyo. Ilitakiwa tushushe milioni nyingine sita na ushee na nitawaambia kwa nini.

Sasa bwawa lenyewe.

Tulikabidhiwa funguo Septemba, tukatafuta fundi wa bwawa, kijana mmoja wa Kunduchi, mpole, haongei sana. Akapiga yale maji yote nje, tope la chini likatoka ndoo sijui ngapi, akasugua. Oktoba tukataka kujaza. Kama mko Dar mnakumbuka Oktoba 2022, mto Ruvu umekauka, DAWASA wanatoa maji kwa mgao, watu wanagombania boza. Bwawa letu linakula lita elfu 45 hivi. Kaka akasema si tuna kisima, jaza na kisima. Tukajaza siku mbili usiku na mchana, maji meupe safi kabisa ukiyaangalia, fundi akamwaga klorini jioni, tukaenda kulala. Asubuhi mlinzi ananipigia, mama njoo uone, bwawa limekuwa chai.

Sio kijani tena, chai ya rangi kabisa, ile iliyokolea majani. Nikafikiri kuna mtu ametuwekea kitu. Fundi akaja akatazama, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza, akasema mama hiyo ni chuma, maji ya kisima chenu yana madini ya chuma, yakikutana na klorini yanapata kutu hapo hapo. Ilichukua wiki na nusu kuchuja, anaosha filta kila siku, maji ya kuoshea yanatoka kama ya mto wa masika. Na doa mpaka leo liko kwenye grauti upande wa kina kirefu. Kwa hiyo swali namba moja ukienda kuona nyumba ya bwawa, usiulize bwawa, uliza maji yanatoka wapi. Chota maji ya kisima kwenye ndoo nyeupe, tia klorini kidogo, nenda kale chipsi rudi uangalie rangi. Hiyo ni bure.

Halafu taa. Kuna taa mbili ndani ya bwawa, usiku inapendeza kweli kweli, ndio iliyomroga kaka. Taa ya ndani ya maji inatakiwa volti 12 na iwe na transfoma yake. Fundi wa umeme alivyofungua kale kaboksi akakuta hamna transfoma, waya umetoka moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, 230, umeunganishwa kwa selotepu, na hakuna ile breka inayokata umeme ukivuja. Selotepu ya karatasi! Akaniita nikaone. Nilikaa kwenye ngazi za bwawa pale pale maana siku mbili kabla watoto wa kaka walikuwa wanaogelea humo taa zikiwaka.

Nirudi kwenye zile milioni sita na ushee za kushusha bei. Baada ya maji kutulia nikaanza kuona kila asubuhi yameshuka. Kaka anasema ni jua. Mlinzi anasema ni jua. Fundi hakusema kitu, akachukua ndoo ya plastiki, akaijaza maji ya bwawa, akaiweka kwenye ngazi ya pili ili ikae ndani ya maji, akachora kwa maka mstari wa maji ndani ya ndoo na mstari mwingine nje usawa wa bwawa. Akazima pampu akasema kesho saa kama hii. Kesho yake ndani ya ndoo maji yameshuka nusu sentimita, hilo ndio jua. Nje yameshuka tatu na nusu. Sentimita tatu zikaonekana ndogo mpaka tulivyopiga hesabu, mita 8 mara 4 mara hizo sentimita tatu, karibu lita elfu moja kila siku zinaingia ardhini. Uniti nzima ya maji kwa siku, kila siku, na hapo hujaoga mtu.

Kuvuja kulikuwa kwenye bomba la chini linalorudisha maji kwenye pampu, kukata zege, kubadili bomba, kupaka dawa ya kuzuia maji, kurudishia tailizi ambazo rangi yake haipo tena madukani kwa hiyo tukatafuta inayofanana, milioni 6 na laki tano. Kaka akataka ifanyike Aprili mpangaji asije akaona. Fundi akakataa kabisa, akasema masika maji ya ardhini Mbezi yanapanda, ukiacha bwawa tupu yanalisukuma kutoka chini linaweza kupasuka au likanyanyuka kama mtumbwi. Tukasubiri mpaka Julai. Huyo kijana nampa nyota tano na ningempa na ya sita.

Ule mtihani wa ndoo ungefanyika kabla hatujasaini, tungemkata muuzaji zile hela. Sasa muuzaji makini anajua hilo, ndio maana anakuuzia bwawa likiwa kijani au likiwa tupu. Bwawa tupu kwangu mimi ni bwawa bovu mpaka lijazwe likae siku mbili na ndoo iko ndani.

Gharama za kila mwezi ndio hizi, naandika za kwangu, za mwenzangu zinaweza kuwa tofauti. Fundi anakuja mara mbili kwa wiki, laki na nusu. Klorini ya unga na asidi kama elfu 80, mvua zikiwa nyingi inazidi. Pampu ni ya hospawa moja, inatembea saa nane kwa siku, inakula kama yuniti nane, na ukiwa na bwawa ule umeme wa bei ya chini wa yuniti 75 kwa mwezi sahau, unalipa mia tatu hamsini na kitu kwa yuniti, kwa hiyo elfu 80 na kitu tena. Jumla laki tatu na ushee bila maji ya kuongezea na bila kitu kuharibika, na vitu vinaharibika. Pampu ya kwanza ilikufa mwaka wa pili, maji ya kisima yana chumvi na chumvi na mota hawaelewani.

Na umeme ukikatika je? Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 ulitunyoosha. Unakatika asubuhi unarudi jioni, pampu inatembea saa mbili tatu, maji yamekaa na jua la Januari la Dar, siku ya tatu utelezi ukutani, ya tano mlenda umerudi. Mpangaji ananitumia picha kila asubuhi bila hata salamu. Niliwaambia wazungushe kwa jenereta yao wakasema jenereta ni ya friji. Kwa kweli Februari walivyowasha ile mashine ya kwanza ya Bwawa la Nyerere, megawati 235, kwetu ilikuwa bwawa moja limeokoa jingine.

Fundi akanifundisha kupima mwenyewe, kale kaboksi kenye vichupa viwili vya matone. Unachota maji, tone tano huku rangi ya njano ndio klorini, tone tano huku pinki ndio pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, unalinganisha na rangi za pembeni, pH iwe kati ya 7.2 na 7.6. Njano iliyokolea kupita kiasi hamna kuogelea, isiyo na rangi kabisa hamna kuogelea pia. Na dawa weka jioni, ukiweka saa sita mchana jua linaila yote. Napenda kazi hiyo kumbe, inanituliza kuliko duka.

Tuje wapangaji maana ndio biashara yenyewe. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa kampuni, kampuni ndio inalipa, wanakata ile asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye pango wanapeleka TRA wanakupa risiti, miezi sita sita, hakuna kelele. Waliondoka kazi ilivyoisha. Wa pili alikuwa kijana mmoja, suti nzuri, maneno matamu, kalipa miezi sita taslimu. Mwezi wa pili mwenyekiti wa mtaa ananipigia, mama hapa kwako Jumamosi kuna nini? Kwenda kukuta geti lina foleni, getini amekaa binti ana kijitabu na bangili za karatasi, kiingilio elfu 20, ndani muziki, mishkaki, watu kama sitini ndani ya bwawa la mita 8 kwa 4. Kumbe kila wikendi. Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama pale pale, watu sitini mara elfu 20, kijana anapata kwa Jumamosi mbili zaidi ya kodi yangu ya mwezi. Sikujua nimfukuze au nimwombe ubia. Tulimfukuza. Kaka alisita kidogo nikamwona.

Tangu hapo mkataba una kifungu, bwawa ni la wanaokaa na wageni wao wa kawaida, hakuna kiingilio. Na tumeweka uzio wa chuma kulizunguka wenye geti la kujifunga lenyewe, milioni mbili na laki mbili. Mdogo wangu alilipigania hilo kwa simu kutoka Mwanza wiki nzima, kaka anasema linaharibu mwonekano. Mpangaji wa sasa ana mtoto wa miaka mitatu, na siku ya kwanza kuja kuona nyumba mkewe hakuangalia jiko wala vyumba, alienda moja kwa moja kulivuta lile geti akaliachia aone kama linajifunga. Likajifunga. Wakalipa wiki hiyo hiyo.

Sasa inalipa? Jirani yetu wa ukuta mmoja ana nyumba karibu sawa na yetu, fundi mmoja alizijenga zote, haina bwawa. Yeye anapangisha milioni 1.8 sisi 2.2. Laki nne kwa mwezi, milioni 4 na laki nane kwa mwaka, toa gharama zile za kila mwezi kinabaki kama milioni moja, halafu weka bomba, pampu, taa, uzio. Bwawa limetutia hasara ukilipigia hesabu hivyo. Ila ya jirani mwaka jana ilikaa tupu miezi mitano, ya kwetu haijawahi kuzidi wiki tatu. Miezi mitano ya jirani ni milioni tisa. Kwa hiyo mimi nimefika mahali naamini bwawa halipandishi kodi ya maana, linachofanya ni kwamba kwenye zile picha ishirini mtu anazopitisha na kidole kwenye simu, anasimama kwako. Ukinunua kwa kudhani utaongeza kodi mara mbili utalia. Ukinunua kwa bei ya nyumba isiyo na bwawa, bwawa ukalihesabu sifuri kabisa kwenye bei, hapo unaweza kutabasamu.

Kodi zamani tulikuwa tunaitaja kwa dola kama watu wote wa Mbezi, tangu Machi 2025 kanuni zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, tumeandika upya kwa shilingi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, elfu 18 kwa mwaka, hiyo hata siisikii. Kwa jumla tunapata kama asilimia sita na kitu kabla ya matengenezo. Shemeji hajawahi kusema nilikwambia, ila kila tukikutana Idi anauliza, bwawa halijambo?

Nyumba nyota nne, mtaa nyota nne (masika barabara ya ndani inakuwa bwawa la pili, la bure), bwawa nyota mbili na nusu, jumla nimeweka tatu. Mdogo wangu ameshapata bei ya tripu za kifusi anataka tulifukie mkataba ukiisha Novemba, kaka amesema akiliona lori la kifusi getini atalala mbele yake. Mimi ndio kura ya tatu. Jana jioni nilipita kupima maji, klorini ilikuwa chini kidogo, nikaongeza kikombe kimoja nikafunga geti nikaondoka.